Barua ya Kupika kwa Kipimo

Mwaka ule nilikuwa Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali wa maendeleo ya jamii, katika kijiji kimoja upande wa Ushirombo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa Shinyanga mjini, na Kisumbwa changu kilinitosha kusalimia na kuomba maji tu. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kanisa la kigango. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa shughuli zote za pale, iwe harusi, msiba, Pasaka au Krismasi. Sufuria tatu kubwa za kanisa zilikaa nyumbani kwake, zimepinduliwa juu ya magogo, na hakuna aliyezigusa bila ruhusa yake. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita mwanangu, isipokuwa akikasirika. Hapo niligeuka kuwa Bibi Maendeleo.

Barua kutoka ofisi yetu kuu ilifika mwanzoni mwa Desemba. Mvua zilikuwa zimegoma, watu walikuwa bado hawajazoea viwanja vipya walivyohamishiwa, na mahindi ya njano ya msaada yalikuwa yakigawiwa kwa foleni. Barua ilisema kwamba sikukuu zinakaribia na wananchi washauriwe kupunguza upotevu wa chakula. Kila kaya ipike kwa idadi ya watu. Wageni watoe taarifa mapema. Karamu za pamoja ziwe na orodha ya majina. Kinachobaki kikaushwe au kiliwe kesho yake. Niliagizwa kuisoma mbele ya mkutano wa hadhara na kukusanya maoni.

Niliisoma peke yangu nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Nilipofika aya ya tatu, niliirudia mara mbili. Iliandikwa hivi, au karibu na hivi: katika kijiji kimoja, Krismasi iliyopita, sufuria mbili za wali na nyama zilimwagwa kwa sababu ya tabia ya kupika kwa fahari kupita mahitaji.

Kijiji kile kilikuwa chetu. Aliyepika alikuwa mama mwenye nyumba wangu. Na aliyeipeleka habari ile ofisini nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimeitwa kwenye semina mwezi wa nane. Tuliulizwa kila mmoja atoe mfano wa upotevu aliouona kwa macho yake. Wenzangu walisema juu ya panya, juu ya maghala yanayovuja. Zamu yangu ilipofika nilitaka kusema jambo litakalokumbukwa. Nikasimulia zile sufuria mbili, jinsi wali ulivyochacha, jinsi wanawake walivyoumwaga kwenye shimo nyuma ya kanisa huku wameziba pua kwa khanga. Mkuu wangu aliandika. Nilifurahi kumwona akiandika.

Nililoliacha ni hili: wali ule haukuwa mwingi. Ulikuwa umeiva kabla ya adhuhuri na watu wote walikuwepo, wenye njaa, wametoka ibadani. Lakini ilikuwa imeletwa taarifa kwamba wageni wa heshima wanakuja na mtu asipakuliwe mpaka gari lao lifike. Gari lilifika jua likiwa limeshaelekea kuzama. Joto la Desemba mnalijua. Nilikuwa nimesimama palepale, na nilimwona mama yule akifunua sufuria, akinusa, akifunika tena, mara ya nne, mara ya tano, mpaka akaketi chini akalia. Yote hayo niliyajua. Semina haikuniuliza, nami sikusema.

Siku tatu kabla ya mkutano sikutulia. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikijifanya nakagua vyoo. Nikifika kwa mtu nasahau nilichokuja kuuliza. Niliwaza niiruke aya ya tatu, lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa na nakala yake, na alikuwa mtu wa kufuatilia maneno kwa kidole.

Siku ya mkutano nikaisoma yote, hata aya ya tatu. Kwanza watu walicheka pale penye orodha ya wageni.

"Ndugu Bibi Maendeleo," mkulima mmoja aliuliza, "shemeji yangu anatoka Ushetu kwa miguu. Taarifa aitume kwa nani, kwa kunguru?"

Katekista alisimama akasema tusicheke sana. Kumwaga chakula ni dhambi, na mwaka wenyewe tunauona. Yeye aliona barua ina busara, ila kipimo kiachwe kwa mwenye chungu. Mzee Mhindi mwenye duka, aliyekuwa amezaliwa palepale na kukisema Kisumbwa kuliko mimi, alisema kwao pia sikukuu haiishi bila sahani kwenda kwa jirani. "Sasa sahani ya jirani mnaihesabu kwangu au kwake?" Hapo ubishi ukawaka. Wanawake walisema viazi wanakausha tangu enzi za bibi zao, michembe wanaihifadhi kwenye vihenge, nani wa kuwafundisha kutunza chakula? Vijana wawili wakasema barua ni ya kweli, wazee wanachinja kwa sifa halafu kesho wanaomba chumvi. Mwingine akasema mgeni akiondoka sufuria ikiwa tupu, huko aendako hasemi alishiba, anasema alimaliza chakula cha watu.

Mwenyekiti alikuwa akijaribu kufunga mkutano mama mwenye nyumba wangu aliposimama. Alisimama polepole, akajifunga upya khanga kiunoni.

"Hizo sufuria mbili ni zangu," alisema.

Watu wakageuka kumtazama.

"Barua haikutaja jina, lakini hapa nani hajui? Imeandikwa nilipika kwa fahari. Mimi nilipika kwa watu waliokuwa wamekaa mbele yangu. Chakula hakikuwa kingi. Kilisubirishwa." Kisha akanigeukia. "Bibi Maendeleo, ulikuwepo. Waambie."

Mwenyekiti alinitazama. Katekista naye akanitazama. Nilikuwa na karatasi mkononi na nikaitazama hiyo.

"Barua ni ya ofisi, mama," nilisema. "Mimi nimetumwa kusoma."

Alitoka katikati ya watu, wakampisha, akaenda zake nyumbani.

Nilikusudia kuchelewa kurudi ili nimkute ameshalala. Lakini jua lilikuwa bado lipo nilipochoka kuzunguka. Nilimkuta jikoni, mtulivu kabisa. Aliniwekea maji ya kunawa kama siku zote. Kisha akaleta ugali. Ulikuwa tonge tatu. Niliuhesabu kwa macho: tonge tatu na mboga ya kuchovya mara tatu.

"Nimekupimia," alisema. "Umekonda, huwezi kumaliza zaidi ya hapo."

Kesho yake tonge tatu. Keshokutwa tonge tatu. Hakunigombeza hata mara moja, wala hakukoma kuniitikia "marahaba" nilipomwamkia. Njaa haikuwa kitu, ningeweza kununua maandazi sokoni. Lakini nilikuwa nakula tonge zile moja moja, taratibu, nikizihesabu. Siku ya nne niliacha sahani, nikachukua baiskeli ya kijiji, nikaenda Ushirombo kumsubiri mkuu wangu, ambaye nilisikia atapita.

Nilimkuta anakunywa chai hotelini. Nilimwambia kila kitu bila kukaa. Nilimwambia mfano niliotoa semina ulikuwa nusu, na kwamba inabidi barua irekebishwe kabla ya sikukuu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kaa kwanza."

Sikukaa.

"Unajua nani alikuwa kwenye gari lile?" aliuliza.

"Sijui, mzee. Niliona vumbi na watu wakishuka."

"Mimi nilikuwa kiti cha nyuma." Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Tulipitia vijiji vitatu siku ile. Kila kijiji kimepika, kila kijiji kinatusubiri. Tungekataa kula, wangesema tumewadharau. Sasa unataka niandike kwamba upotevu ulikuwa sisi?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Barua imeshasambazwa," alisema. "Na ushauri wenyewe si mbaya. Watu watapona na njaa kwa ushauri ule. Kasimamie orodha, binti yangu, mengine acha."

Nilirudi nikisukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia, kwa sababu mchanga ulikuwa mwingi na kwa sababu sikutaka kufika. Nilikuwa na hasira naye, lakini zaidi ilinisumbua kwamba alichokisema kilikuwa na ukweli ndani yake. Ushauri haukuwa mbaya. Mwaka ule tulihitaji kila punje. Nilitamani angalau ungekuwa upuuzi, niupinge nipumzike.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, baada ya ibada, katekista alisoma matangazo. Orodha ya karamu ilikuwa imeandikwa, lakini mpishi hakupatikana: mama alikuwa amesema sufuria zipo, mwiko upo, apike aliyeandika barua. Wanawake wengine walikataa kushika mwiko wake. Ndipo nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Sikuwa nimepanga.

"Nina neno," nilisema.

Katekista akanipisha.

"Krismasi iliyopita nilikuwepo," nilisema. "Wali uliiva kabla ya saa sita na ulikuwa unawatosha watu. Uliharibika kwa sababu tuliambiwa tusubiri gari. Mfano ulio kwenye barua niliutoa mimi, kwenye semina. Nilisema wali ulimwagwa. Sikusema tulisubiri. Nilitaka kusifiwa."

Nilikuwa nimetegemea zogo. Hakukuwa na zogo. Mtu mmoja alikohoa. Mwenyekiti alikunja karatasi yake mara mbili akaitia mfukoni. Mama alikuwa ameketi upande wa wanawake, karibu na ukuta, na uso wake haukuniambia lolote. Alisimama akatoka. Nilidhani ameenda nyumbani kufunga mizigo yangu.

Nilipofika uani nilimkuta amezishusha sufuria kwenye magogo, anazisugua kwa mchanga na majivu.

"Shika ile ya pili," alisema.

Nikashika. Tulisugua mpaka masizi yakaanza kutoka. Nilipotaka kuomba msamaha alinikatiza kwa mkono wenye majivu.

"Uliniona nikilia," alisema. "Hilo ndilo lililoniuma. Wali ulioza, basi. Lakini uliniona nikilia, ukaenda kusimulia nilivyomwaga."

Nami nikaendelea kusugua.

Siku ya Krismasi alipika kwa masharti yake mwenyewe. Aliikubali orodha, kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo kweli na hakuwa mtu wa kujidanganya. Alihesabu majina yote akayaongezea kumi. Mwenyekiti akauliza hao kumi ni akina nani. "Siwajui," alisema, "ndiyo maana sikuwaandika." Na akasema chakula kikiiva kitapakuliwa, awepo nani asiwepo nani.

Kiliiva, kikapakuliwa. Gari halikuja mwaka ule. Sijui kama ni kwa sababu ya maneno yangu au ya petroli. Waliokuja bila taarifa walikuwa kumi na wanne. Walikuwa familia moja kutoka upande wa Ushetu, mashamba yao ya tumbaku yamekauka, wametembea siku mbili na bibi yao mgonjwa. Kumi walikula kama wengine. Kwa wale wanne waliobaki, mama alipita na ungo kwa waliokuwa wakila, na kila mtu akatoa tonge au kipande. Kijana mmoja aliyekuwa ameitetea barua mkutanoni alitoa nyama yake yote, halafu akaangalia pembeni.

Sisi wapishi tulibaki na ukoko. Mama alinibandulia kipande kikubwa kilichoungua upande mmoja. Hakukipima.

"Leo hakikubaki," nilisema.

"Na hakikutosha," alisema. "Sasa kaandike ripoti, tuone utaiandikaje."

Niliiandika mara nne. Katika ile niliyotuma niliweka yote mawili, kwamba hakikubaki na kwamba hakikutosha, na sababu ya mwaka wa nyuma nikaiweka mwanzo kabisa. Majibu yalikuja mwezi wa pili: barua ya onyo kwa kusema mambo ya ofisi hadharani, na nyingine ya uhamisho. Nilipelekwa Ushetu.

Mama alinifungia matobolwa kwenye kitambaa, viazi vile vya kuchemsha na kukausha, vya kula njiani. Alinisindikiza hadi kituo cha lori akarudi kabla halijaondoka, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na msiba na sufuria zilikuwa zikimsubiri. Sikujua kama alikuwa amenisamehe. Alinitumia salamu kwa watu waliokuja Ushetu mara mbili tatu, nami nikamtumia chumvi na sabuni. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

Huko Ushetu, Desemba ilipofika, barua ilikuja tena. Ilikuwa ileile, imechapwa upya, na aya ya tatu ipo. Nikaitwa kuisoma. Nilisimama mbele ya watu nisiowajua, na afisa kutoka juu alikuwa ameketi ubavuni kwangu. Nikaisoma aya ya tatu kwa sauti. Nikatua. Nilihisi watu wakinisubiri niendelee, na yule afisa akageuza kichwa.

Mwaka ule niliendelea na aya ya nne. Mwaka uliofuata nilisema habari ya gari. Baada ya hapo, kwa muda wote niliofanya kazi ile, kuna miaka nilisema na kuna miaka nilisoma tu nikakaa chini, na hadi leo nikisikia ushauri wa sikukuu ukitangazwa redioni huwa nasimama, natoka nje, nazunguka uani mpaka uishe.