Nzi Ndani ya Gitaa la Mjomba

Kaka yangu hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe, na kazi yake ni kunyamazisha magitaa. Mungu naye ana utani wake.

Tuna chumba kimoja cha kazi tulichoachiwa na baba. Dirishani ni cherehani yangu na nguo za watu. Ukutani ni meza yake, yenye chuma cha kulehemu, magitaa yasiyo na nyuzi na vikombe ambavyo hajui kuviosha. Mtaani wanamwita Fundi Nzi, kwa sababu gitaa la umeme la zamani ukiliunganisha na spika huvuma hata kabla hujaligusa, vuuu, kama nzi aliyefungiwa chupani. Kosa liko kwenye kile kidude kilicho chini ya nyuzi. Wenyewe wanakiita pikapu, kana kwamba kinabeba mchanga. Mimi nakiita sikio. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa, basi. Sikio hilo husikia nyuzi zikitikisika, lakini husikia pia taa ya tyubu, friji ya jirani na, zaidi ya vyote, mota ya cherehani yangu.

Kwa hiyo kaka akitaka kujaribu kazi yake hashauriani na mtu. Anainuka, anashusha swichi kubwa, umeme wote unakatika, mimi nabaki na sindano katikati ya suruali ya mtu, na yeye anajaribu gitaa kwa kispika chake cha betri. Miaka kumi na moja tumegombana juu ya swichi hiyo. Mama amekwishachoka kutuamua.

Halafu akaja Mjomba. Huyu ni kaka yake mama, na amepiga gitaa kwenye kumbi za starehe maisha yake yote, gitaa lile lile jekundu lililobabuka rangi. Nyimbo ametunga nyingi, na hakurekodi hata mmoja, nusu kwa uvivu na nusu kwa kiburi. Sasa vidole vya mkono wake wa kushoto vimeanza kukakamaa. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati, na daktari amemwambia wazi kwamba hali haitarudi ilivyokuwa. Ndipo mzee mzima akakumbuka kurekodi. Mama mmoja mwenye studio alikubali kumpa siku ya Jumamosi, akalisikiliza gitaa dakika moja, akamwambia, "Mzee, huyu nzi ataimba kuliko wewe. Mtoe, au upige gitaa langu."

"Gitaa lako lipige mwenyewe," Mjomba akamjibu. Hiyo ndiyo adabu yake.

Akaja kwetu Jumatano. "Mpwa wangu, hivi vidole vina wiki chache tu," akamwambia kaka. "Mtoe huyu mdudu. Lakini sauti yangu usiiguse."

Kwanza kaka alibandika karatasi ya shaba ndani ya tumbo la gitaa, akaiunganisha na waya wa ardhi. Mikwaruzo ikapungua, mvumo mzito ukabaki pale pale. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akaniambia nishone.

Dawa iliyobaki ilikuwa kutengeneza sikio la pili lisilo na sumaku. Kwa kuwa halina sumaku, halisikii nyuzi. Linasikia umeme tu. Ukiliunganisha kinyume na la kwanza, mvumo wa hili unaua mvumo wa lile, na unabaki mlio wa nyuzi peke yake. "Ni kama walevi wawili," kaka akanifundisha. "Mmoja mmoja wanaanguka. Waegemeze mmoja kwa mwenzake, wanasimama."

Kuzungusha waya mara elfu saba kunataka gurudumu, na gurudumu ni la cherehani yangu. Alhamisi nzima sikushona. Yeye alizungusha huku akihesabu, kila mia akichora mstari wa chaki juu ya meza yangu, na ilikuwa marufuku kumsemesha. Wateja walikuja kuulizia nguo zao, nikawajibu kwa mikono. Siku ile niligundua kwamba chumba chetu, bila maneno yake, kinapendeza sana. Ijumaa akalehemu, akainuka, akashusha swichi, akajaribu. Kimya kabisa. Akanikumbatia, na mimi mjinga nikafurahi naye.

Jumamosi tukaenda studio sote watatu. Kilikuwa chumba chenye magodoro ukutani, taa tele, feni na kompyuta mbili. Mwenye studio akaunganisha gitaa. Likavuma mara mbili ya lilivyovuma mwanzo.

Jogoo la shamba haliwiki mjini. Kaka akachomoa waya, akauchomeka tena. Vuuu.

"Ulilijaribu?" Mjomba akauliza.

"Nililijaribu, Mjomba. Lilikuwa kimya."

"Ulilijaribu umeme ukiwa umezimwa," nikasema.

Kaka akanitazama, nikamwona anaelewa polepole. Sikio la kusikiliza umeme alilijaribu mahali pasipo na umeme. Miaka kumi na moja ya kushusha swichi ilimfanya asiwaze tena. Mkono ulikwenda wenyewe. Nyaya mbili alikuwa amezigeuza, kwa hiyo mivumo ile, badala ya kuuana, ilijumlishana. Nilicheka mpaka mwenye studio akanionya.

Kaka akapiga magoti sakafuni, akachomeka chuma cha kulehemu alichokuja nacho, akafungua gitaa, akabadilisha zile nyaya mbili. Akaunganisha tena, taa zikiwaka na feni ikizunguka. Gitaa halikuvuma hata kidogo. Mjomba akaanza kupiga.

Na sasa tukasikia kila kitu. Noti ya kidole kidogo ilitoka imekufa, tup. Ikarudi, tup. Pale penye mbio za vidole zilizompa jina kumbini, aliruka nusu ya noti zote. Kumbe nzi alikuwa anamsitiri. Sote tulisikia, na kibaya zaidi, yeye mwenyewe alisikia. Akaacha katikati ya wimbo.

"Mrudishe," akasema.

"Nani, Mjomba?"

"Nzi. Mrudishe."

Chuma cha kulehemu kilikuwa bado cha moto mkononi mwa kaka. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilimhurumia yule mzee mpaka nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Sirudishi," kaka akasema.

"Mimi ni mjomba wako."

"Ndiyo maana sirudishi. Hicho kidole kiache kipumzike. Piga kwa vitatu, polepole. Nani anatufukuza?"

Mjomba alimtukana matusi ya kumbini ambayo siwezi kuyaandika. Kisha akainama juu ya gitaa, akaanza upya, taratibu, kwa vidole vitatu. Palipokuwa na mbio akapaacha wazi. Wimbo ule nimeucheza tangu utotoni. Sikujua kwamba ulikuwa wa huzuni.

Mwenye studio akaurudia kwenye spika. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, macho kayafumba.

"Anayepiga hapo ni mzee," akasema.

Kaka akachomoa chuma cha kulehemu kwenye umeme.

"Lakini anajua kupiga." Akafungua macho, akamgeukia mwenye studio. "Haya, weka wa pili, kabla hajachoka."