Firigisi ya Wageni

Namshukuru Mola aliyeutia muwa utamu, akalipa jiwe machozi, na akaniacha hai nisimulie.

Katika miaka ya tisini, wenzangu wawili niliosoma nao Kurani pwani walikuja kunitembelea Ekero. Walitaka kuuona msitu wa Kakamega na jiwe linalolia la Ilesi. Ilikuwa heshima, ila walinikuta roho juu. Miwa yangu ilikuwa imekatwa, imelala kando ya barabara ikingoja trekta ya kuipeleka kiwandani. Muwa uliokatwa hukauka na kupungua uzito, na mvua ikinyesha trekta hukwama. Kwetu muwa ndio karo, ndio nguo, ndio mabati ya nyumba. Msimu ule hatukuwa na kingine.

"Nenda na wageni," mke wangu aliniambia. "Hata ukibaki, wewe si trekta."

Nikaenda. Msituni wao walitazama kima na vipepeo. Mimi nilitafuta mawingu kati ya majani. Kule Ilesi tulisimama chini ya lile jiwe refu, maji yakilitiririka shingoni.

"Ustadhi, linalia nini?" mmoja akauliza.

"Labda nalo limekata miwa."

Walicheka. Mimi sikuweza.

Tuliporudi, matone yalikuwa yameanza. Kando ya barabara hapakuwa na muwa hata mmoja. Trekta, au wezi? Nilitamani kumuuliza mke wangu, lakini si adabu kuuliza habari za shamba kabla mgeni hajala. Nikanawa mikono.

Kuku akaletwa. Nikakoroga mchuzi kwa kijiko, nikakoroga tena. Firigisi haikuwamo. Kwetu mgeni asiyepewa firigisi amedharauliwa, na wageni wangu walilijua hilo, maana nilikuwa nimewaeleza njiani. Nikamtazama mke wangu.

"Imeliwa na dereva wa trekta," alisema bila haya. "Alikuwa anaelekea kwa jirani. Nikamkaribisha chai, akasema ana haraka. Nikamwambia kuna firigisi. Akazima injini."

"Na miwa?"

"Angekula firigisi yangu halafu aipite miwa yangu?"

Wageni walicheka hadi mmoja akaweka tonge chini. "Basi shemeji, mgeni wa leo alikuwa yeye. Sisi tumemsindikiza tu."

Mvua ikapiga mabati kwa nguvu. Ndipo nami nikaonja chakula.

Wewe usomaye, Mola akufikishie unachokingoja kabla ya mvua, na nyumba yako isikose mtu wa kukikaribisha.