Glavu ya Mkono wa Kulia

Kabla hajafika Amerika, Blandina aliuza mitumba Moshi, soko la Memorial, na mpaka leo akiingia duka lolote mkono wake hutangulia jicho. Anashika nguo, anaifinya, anaigeuza mshono nje, ndipo anaangalia rangi. Akitajiwa bei hasikilizi bei. Anasikiliza jinsi mtu anavyopumua akiitaja. Kule sokoni walisema anaweza kupatana na ukuta mpaka ukuta upunguze. Chumvi tupu, ila hakuwahi kukanusha, maana sifa ya namna hiyo inasaidia biashara.

Minnesota hakuna kupatana. Bei imebandikwa, na mtoto wa watu aliyesimama kwenye kaunta hana mamlaka ya kushusha hata senti. Jambo hilo lilimkera Blandina kuliko theluji. Basi kipaji chake akakihamishia kazini. Alikuwa mtunza wazee majumbani, kazi ya Watanzania na Wakenya wengi anaowajua pande hizi, na mzee wake aliitwa Alvin, mgane wa Champlin, mwenye nyumba ya mbao inayotazama mto Mississippi. Alvin alikuwa na kisukari cha siku nyingi na ubishi wa siku nyingi zaidi. Kila kitu alikataa kwanza: supu, kuoga, dawa. Wahudumu waliotangulia walimbembeleza, wakachoka, wakaenda zao. Blandina hakumbembeleza. Alipatana naye.

"Bakuli zima."

"Vijiko vitatu."

"Babu, vijiko vitatu hata paka hashibi. Nusu bakuli, na mkate."

"Nusu bakuli. Mkate hapana."

"Haya, umenishinda. Kaa vizuri."

Na nusu bakuli ndiyo aliyoitaka Blandina tangu mwanzo. Alvin alijua anapigwa, akaupenda mchezo. Kutoka kwa Blandina alijifunza neno moja la Kiswahili, "punguza", akawa anamrushia kila mtu, hadi daktari wa macho. Blandina alimwita babu, naye Alvin akamwita Blandina bosi.

Nyumba ile ilishikiliwa na vidole vya Alvin. Ndivyo Blandina alivyoiona hali, bila kuizungusha. Binti wa Alvin, mwanamke wa ofisi za serikali huko Saint Paul, alikuwa amesema waziwazi: siku baba atakaposhindwa kufunga vifungo vya shati lake, kushika kijiko, na kujidunga sindano ya insulini mwenyewe, anahamia makao ya wazee na nyumba inauzwa. Usiku hakuna wa kukaa naye. Blandina huondoka jioni kurudi kwake New Hope. Na vidole vyenyewe vilikuwa vya kuombea. Kisukari kilivitia ganzi, halafu miaka ya nyuma baridi ikaviunguza, vikapona kwa taabu. Daktari aliwaambia Alvin, binti na Blandina wakiwa wamekaa mbele yake: vikiganda tena, havirudi.

Ikaja Januari, ziwa la jirani likaganda vizuri, barafu nyeusi ngumu isiyo na theluji juu yake, na Alvin akaacha kula.

Huku wana mchezo wa kusafiri kwa tanga juu ya barafu. Chombo chenyewe ni chembamba kama jeneza, kina mlingoti na tanga kama mashua yoyote, ila badala ya kukaa majini kinakanyaga visu vitatu vya chuma. Mtu analala ndani yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kamba ya tanga, na upepo unamrusha kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Alvin aliucheza tangu ujana. Wazee wenzake wawili, waliokuwa bado wanakitunza chombo chake, walipiga simu kusema barafu nzuri kama hii hawajaiona siku nyingi. Tangu simu hiyo mzee akawa anasukuma sahani.

Walipatana siku mbili. Alvin alianzia siku nzima ziwani, Blandina akaanzia hapana. Walipofika mwisho ilikuwa mzunguko mmoja tu, mchana, jua likiwepo, na kumvalisha ni kazi ya Blandina peke yake. Kwa upande wake Alvin angekula. Binti asiambiwe. Hili la mwisho Blandina hakulipenda, lakini aliona mzee asiyekula atamfia mikononi kabla hata ya kufikishwa hayo makao.

Jumamosi na Jumapili zamu ilikuwa ya Ernestine, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Alipopokea zamu na kusikia habari hizo alivua miwani.

"Weye Blandina! Muzee wa sukari, unamupeleka kwa glace, kwa barafu?"

"Nimemshusha, shoga yangu. Kutoka siku nzima mpaka mzunguko mmoja."

"Na baridi, iyo ulishaishusha pia?"

Blandina alicheka, akachukua pochi yake akaenda zake.

Jumatatu akaanza kumvalisha. Koti na suruali hazikumuumiza kichwa. Koti nene kila mtu analijua. Baridi haipiti kifuani. Inapita pembeni: shingoni, masikioni, kwenye viganja, kwenye vidole vya miguu. Kwa hiyo alileta boksi lake la vikorokoro, vitu alivyookota kwenye maduka ya mitumba ya huku, akavimwaga kitandani kama mtu anayefungua robota la nguo.

Alvin alikuwa amekwisha kujifunga skafu nyekundu ndefu.

"Vua hiyo."

"Hii nimeivaa ziwani maisha yangu yote."

"Ncha ikinasa kwenye kamba itakunyonga, halafu mimi nikamwambie nini binti yako? Vaa hii." Akamvisha kola ya sufu ya kuvuta kichwani, isiyo na ncha yoyote. Juu yake akamvisha mzula uliofunika uso ukaacha macho, akajaribisha helmeti, akaona inabana, akabadilisha mzula kwa mwembamba zaidi. Miwani ya upepo akaisukuma mpaka ikakutana na mzula, maana ngozi inayobaki wazi hapo katikati, hata upana wa kidole, ndiyo inayoungua kwanza.

Soksi Alvin alitaka jozi tatu. Blandina alimpa mbili, nyembamba ndani, nene nje. Jozi tatu zinabana kiatu, na mguu uliobanwa damu haiufikii. Hizo nene nazo hakuziamini. Alichomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukajikunja ukawa tone gumu jeusi.

"Plastiki," akasema, akazitupa kando.

"Lebo imeandikwa sufu!"

"Lebo haivaliwi, babu."

Uzi wa jozi iliyofuata ulinuka nywele zilizoungua. Hizo ndizo akazipitisha.

Zikabaki glavu. Juu ya meza zilikuwepo jozi mbili. Moja ni zile za mfuko, ambazo kidole gumba kina chumba chake na vingine vinne vinalala pamoja vikipashana joto. Nje ngozi, ndani manyoya ya kondoo. Jozi ya pili zilikuwa glavu za Alvin mwenyewe, za ngozi nyembamba, kila kidole na nyumba yake, zimelainika kwa kufuata mkono wake.

"Hizi," Blandina alisema, akigusa za mfuko.

"Hapana. Humo ndani siisikii kamba. Kamba ndiyo inayoniambia upepo unataka nini. Nikivaa hizo mimi ni gunia tu limepakiwa."

"Husikii hata sasa! Juzi umeshika sufuria ya moto mpaka mimi ndiye nikanusa ngozi."

"Sufuria siisikii. Kamba naisikia."

"Kwa vidole gani?"

"Kwa hivi hivi unavyovitukana."

"Za mfuko, mikono yote, au tunavua haya yote tunaangalia televisheni."

"Zangu, mikono yote, na ndani vile vipakiti vyako vinavyojipasha joto. Punguza, bosi."

"Hapa hakuna punguza."

Alvin akanyamaza. Akaiacha meza, akageuza kiti, akatazama dirishani. Blandina aliujua ukimya ule. Ni wa mteja aliyerudisha nguo kwenye meza na kuanza kuondoka, lakini anaondoka taratibu, shingo imelegea, anangoja kuitwa. Kwa mteja kama huyo kuna mambo mawili ya kufanya. Unaweza kumwacha aende, naye mara nyingi hurudi. Au, kama wote mmechoka na jua linatua, unakata katikati, kila mtu anakwenda kwao anaona ameshinda. Blandina alikuwa amekata katikati maelfu ya mara. Mdomo ulimtangulia.

"Haya. Mkono wa kushoto mfuko, huo wa usukani. Wa kulia glavu yako, huo wa kamba. Na kipakiti cha joto ndani."

Alvin aligeuka haraka. "Umeniua," alisema, akampa mkono.

Blandina alisikia ule utamu mdogo wa biashara iliyofungwa vizuri. Hakuwa ameupata tangu Moshi.

Ziwani mbingu na barafu vilikuwa na rangi moja. Wazee wenzake walimlaza kwenye chombo, wakakisukuma wakichechemea, tanga likajaa kwa mshindo mmoja, na Alvin akaenda. Visu vilipiga kelele kama shuka linalochanwa. Blandina alibaki ufukweni, mgongo kwenye upepo, akilitazama tanga likipungua.

Lilipofika ng'ambo ya pili likasimama.

Kule miti mirefu huukinga upepo. Mmoja wa wale wazee alisema si kitu, utarudi tu. Wakangoja. Haukurudi. Mwenzake akawasha kigari cha theluji huku akitafuna matusi, akaenda kumvuta. Kumbe muda wote ule Alvin alikuwa amelala palepale, kamba mkononi, ameikaza, anangoja upepo umwambie kitu. Hakuiachia hata mara moja, na mkono haukuuma, na kwa kuwa haukuuma hakuutazama.

Alirudishwa akicheka ndani ya mzula. "Umeona? Bosi, umeona nilivyokwenda?"

Ndani ya gari Blandina alivuta ule mfuko wa kushoto. Mkono ulitoka mwekundu, wenye joto, unanuka kondoo. Akavuta glavu ya kulia. Kipakiti cha joto kilikuwa kimeteleza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Vidole vinne vilitoka vyeupe, vigumu kama mishumaa. Alipogonga kimoja kwa ukucha kililia kama mti.

"Haviumi," Alvin alimwambia, kumtuliza.

Hospitalini walifanya wawezalo. Wiki zilipopita vilibadilika rangi, kwanza zambarau, kisha vyeusi, na vitatu vikakatwa.

Binti alimkuta Blandina kwenye korido.

"Nani alimvalisha?"

"Mimi."

"Wazee wenzake wanasema alivaa mkono mmoja hivi, mmoja vile. Kwa nini?"

Blandina angeweza kusema mzee alilazimisha. Neno lilikuwepo, tayari, na halikuwa uongo kamili. Lakini hakupenda kuuza kitu chenye tundu.

"Tulipatana," akasema.

"Mlipatana," binti akarudia, si kwa swali. Hakupandisha sauti. Aliingia chumbani kwa baba yake akafunga mlango.

Kabla theluji haijayeyuka nyumba ilikuwa na kibao cha kuuzwa. Ofisi ilimpa Blandina mteja mwingine, bibi mmoja mpole anayekubali kila anachoambiwa, na kazi ikawa ndefu kuliko zamani. Ernestine hakumsema hata neno. Hilo ndilo lililomwonyesha ukubwa wa jambo.

Siku moja ya mapumziko alikwenda Saint Paul kumtazama Alvin kwenye makao. Alimkuta kwenye kiti cha magurudumu, shati la kuvuta kichwani, mkono wa kulia umefichwa chini ya blanketi. Walizungumza habari za hewa. Walizungumza habari za chakula, ambacho alisema anakula chote, hakuna wa kubishana naye.

"Nikwambie kitu?" alisema baadaye. "Siku ile, nilipogeuka dirishani. Nilikuwa nimeshakubali."

"Umekubali nini?"

"Mifuko yote miwili. Kushoto na kulia. Nilikuwa nangoja tu useme hapana mara moja zaidi, nivae, twende."

Sokoni mteja akishafunga mzigo hamwambii mwenye mali alikuwa tayari kufika wapi. Hufanyiwi hivyo hata na adui.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ungesema?"

Alifikiri, kwa sababu swali lilistahili kufikiriwa.

"Hapana," alisema.

Alvin alitikisa kichwa kukubali. Nje mvua ya barafu ilikuwa imeanza kugonga kioo. Blandina alivaa koti lake akafunga zipu mpaka kidevuni, na mzee hakumgeukia alipotoka.