Mafuta ya Nazi Ndani ya Friwili

Choo cha shimo hakina harufu moja. Ya juu, unapofunua kifuniko, ni kali, inachoma macho kama kitunguu. Ya katikati ina utamu fulani, na utamu huo ndio unaotapisha. Chini kabisa pua huacha kusikia kitu chochote, na hapo ndipo watu hufa. Hayo aliniambia mtu niliyefanya naye kazi ya kuzoa vyoo hapa Malindi, na aliniambia huku anakula muhogo wa kukaanga, wala hakunawa vizuri.

Nilimwita mjomba, naye aliniita mpwa, ingawa hatukuwa na udugu wowote. Alikuwa mtu mzima wa Muyeye, mwembamba, kifua kama ubao wa kufulia nguo. Mimi nilikuwa nimetoka Jilore, kwenye mashine ya kusaga mahindi, na kabla ya hapo nilikuwa Kilifi nikiziba pancha za baiskeli. Shule niliiacha mapema, na kazi nazo huwa naziacha mapema. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha. Hii ya vyoo niliishika kwa sababu mjomba alikuwa na winchi ambayo sijawahi kuona mfano wake.

Vyoo tulivyozoa vilikuwa Shella, kule ndani ambako vichochoro ni vyembamba na gari la kunyonya choo haliwezi kupita. Mashimo yenyewe yamechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ya zamani, yenye vidato vya kukanyagia ubavuni. Mjomba alishuka, akajaza ndoo. Mimi juu nilizungusha mkono wa winchi, nikamwaga ndoo kwenye pipa lililokuwa juu ya mkokoteni, nikairudisha. Watu waliopita walituita topasi, wazoa mavi, wengine kwa sauti, wengine kwa kuziba pua tu.

Winchi ilikuwa bomba la maji lililolazwa juu ya magogo mawili, na mkono wa chuma upande mmoja. Upande huo huo, karibu na mkono, fundi wa kuchomelea alikuwa ameshikiza friwili ya baiskeli kuukuu. Hapo ndipo palipokuwa na akili yote. Ukiendesha baiskeli ukaacha kukanyaga, gurudumu huendelea kwenda na miguu yako ikapumzika, na kule nyuma husikika tik-tik-tik. Wakati nikiziba pancha Kilifi nilifungua moja nijue ni nini kinacholia. Gololi zilimwagika mchangani na tajiri wangu akanitukana mpaka adhuhuri, lakini niliona. Ndani mna ringi yenye meno kwa ndani, na katikati yake mna kitovu chenye ndimi mbili za chuma, kila moja ikisukumwa na kispringi chembamba kama unywele. Kitovu kikizunguka upande mmoja, ndimi huinama na kuteleza juu ya meno, tik-tik-tik. Kikitaka kurudi, ndimi husimama na kuuma meno, na kitovu na ringi huwa kitu kimoja. Kwenye stata ya pikipiki kazi ni hiyo hiyo, ila badala ya ndimi mna vijiti vya mviringo vinavyojikaba penye wembamba. Chuma kinachokubali upande mmoja na kukataa wa pili.

Baiskeli huitumia friwili kusukuma. Mjomba aliitumia kuzuia. Kitovu kilichomelewa kwenye bomba, na ringi ya nje ilifungwa kwa kipande cha cheni kwenye msumari mkubwa ulio gogoni. Nikivuta ndoo juu, friwili ililia. Nikiachia mkono nipanguse jasho, ndoo ilitaka kurudi, ndimi ziliuma, na ndoo ikabaki inaning'inia. Tulipotaka kuishusha tulichomoa cheni kwenye msumari. Mtu mmoja aliweza kazi ya watu watatu, bora tu sauti ile isikike.

Kilichonichefua, hata kuliko mavi yenyewe, kilikuwa kopo la mafuta. Kila asubuhi mjomba alivua nguo akabaki na kaptura, akajipaka mafuta ya nazi kutoka shingoni hadi nyayoni, uchafu usimgande. Vidole vyake vilitoka mwilini vikarudi koponi, vikatoka koponi vikarudi mwilini. Mafuta yalikuwa yamechacha, rangi ya usaha, na nywele zake zilielea ndani. Akimaliza kujipaka, mafuta yaliyobaki kiganjani aliyasokomeza ndani ya friwili.

“Tia oili, mjomba,” nilimwambia siku moja. “Hata oili chafu ya gereji. Chuma chataka mafuta ya chuma.”

“Oili chafu yanuka.”

Nilimtazama. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka shimoni, na funza mmoja alikuwa anapanda kwenye nyusi yake.

“Wewe ndiwe wa kusema habari ya kunuka?”

“Mavi ni ya binadamu, mpwa. Yametoka kwa chakula. Hiyo oili imetoka kwa nani?”

Alicheka, akamtoa funza kwa ukucha, akamtupa.

Miezi ya joto mafuta yale hayakutudhuru. Kisha kusi ikaingia, upepo wa miezi ya baridi. Kila mtu wa pwani anajua mafuta ya nazi hufanya nini Julai: huganda chupani yakawa meupe, na mama huianika chupa dirishani juani kabla ya kumpaka mtoto nywele. Nasi kopo letu liliganda, mjomba akawa anayachota kwa kidole kama samli. Tuliyaona yameganda kila siku. Hakuna aliyefikiri kwamba yale yaliyomo ndani ya chuma nayo ni mafuta ya nazi.

Kazi ya mwisho ilikuwa kwa mama mmoja wa Shella aliyepika mahamri ya kuuza. Alitaka tuanze baada ya sala ya alfajiri na tumalize kabla wateja hawajaja, maana, alisema, nani atanunua hamri penye topasi. Tulibisha mlango wa nyuma nikamwamkia shikamoo. Aliitika marahaba kwa ndani, leso imeziba pua, akatunyooshea kidole cha kutuonyesha njia kana kwamba hatujui choo kilipo. Jikoni kwake mafuta yalikuwa yanachemka, na harufu ya iliki ilikuja ikachanganyika na ile ya shimo. Tangu siku hiyo sijaweza kula hamri.

Ndoo ya kwanza ilipanda bila sauti. Niliusikia ukimya huo kwa mikono kabla ya masikio. Mkono wa winchi ulikuwa laini mno. Nilipobadilisha mkono ndoo ikarudi yote, mkono wa chuma ukanipiga kiwikoni, na chini nikasikia kishindo cha maji mazito, halafu mjomba akitema.

“Mpwa! Wanimwagia chakula?”

“Friwili haiumi!”

“Hukupiga hodi, we. Choo cha watu wa kale hiki, kina wenyewe. Piga hodi.”

Nilipiga hodi. Ndoo ya pili nayo ikarudi. Aliichukulia mzaha, akatukana mashetani wenye choo na kizazi chao, akasema juzi pia mashine ilikuwa na uvivu asubuhi na jua lilipopanda ikachangamka, kwa hiyo tuvumilie. Maneno hayo nilipaswa kuyasikia vizuri, lakini nilikuwa nazuia kutapika. Tuliendelea. Nilivuta kila ndoo bila kupumzika, mikono miwili juu ya chuma chenye utelezi wa mambo nisiyotaka kuyataja, nikipumulia mdomoni na kuhisi ladha yake ulimini.

Halafu mjomba akanyamaza.

Kwa kawaida hakunyamaza. Alisimulia mpira, alisengenya wapangaji. Niliinama juu ya shimo. Kurunzi yake ilikuwa imewekwa kwenye kidato, nayo ilimwangaza amesimama, uchafu mpaka mapajani, mkono mmoja ukutani.

“Mjomba?”

“Hainuki tena,” akasema, kwa sauti ya mtu aliye usingizini. “Hainuki kabisa, mpwa. Safi.”

Nilichomoa cheni, nikashusha kamba.

“Jifunge! Tupa ndoo, jifunge kwapani!”

“Nimalize hii.”

“Jifunge, mwanaharamu we, jifunge!”

Nadhani tusi ndilo lililomfikia. Alipitisha kamba kwapani, akafunga fundo kwa vidole vizito. Siku nyingine alipanda mwenyewe kwa vidato, kamba ikimsaidia tu. Leo miguu haikukanyaga kitu. Nilirudisha cheni msumarini kwa mazoea, nikavuta. Alipanda kama gunia lililolowa. Zunguko moja, la pili, na kila mkono ulipofika juu, pale ambapo mtu inabidi abadilishe nguvu, ulitaka kunipokonya. Friwili haikusema kitu. Nilimfikisha katikati ya shimo, na hapo nikaishiwa. Niliweza kumshika. Kumpandisha sikuweza, na kumwachia kulikuwa ni kumzamisha, kwa maana kichwa kilikuwa kimeanguka mbele na mdomo uko wazi.

Niliupitisha mkono wa winchi chini ya kifua changu, nikaulalia. Uso wangu ukawa karibu kabisa na friwili. Ndipo nikaona. Kwenye mwanya, baina ya kitovu na ringi, palikuwa na ukingo wa kitu cheupe, chenye vumbi na nywele moja nyeusi, kigumu kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria iliyolala. Chuma chenyewe kilikuwa baridi dhidi ya shavu langu. Ndimi zilikuwa mle ndani, zimelala, zimezikwa kwenye mafuta, na vispringi vile vya unywele havikuwa na nguvu ya kuziinua.

“Mama!” nilipiga ukelele. “Mama, maji ya moto!”

Alitokea mlangoni, leso puani.

“Kelele za nini? Majirani—”

“Maji ya moto, mama, mtu anakufa! Birika, chochote!”

“Birika langu la chai?”

“Lete!”

Aliingia, nikadhani hatarudi. Chini niliisikia pumzi ya mjomba: inavuta kama msumeno, inakatika, inavuta. Nilianza kuvuta nayo. Mama akarudi na birika kubwa, analishika mbali na mwili wake kwa kitambaa, hatua ndogo ndogo, anachagua pa kukanyaga kwa sababu uani palikuwa pamemwagika. Alifika mbali kidogo nami akasimama.

“Siwezi kusogea hapo,” akasema. “Wallahi siwezi. Nitatapika.”

“Tapika, mama, lakini mwaga. Hapa, kwenye kigurudumu. Hapa!”

Alifumba macho na kumwaga. Maji ya kwanza yalinipata sikioni na begani, sikupiga kelele, au labda nilipiga. Ya pili yalipata chuma. Mvuke ukapanda, na harufu iliyotoka humo sitaisahau: nazi iliyooza, jasho la mjomba la miezi yote, kinyesi, na majani ya chai, maana maji hayakuwa maji, yalikuwa chai ya wateja wake. Ukingo mweupe ukawa mweusi, ukaanza kutiririka juu ya gogo kama kamasi. Mama alitapika kweli, pale pale, ukutani, birika bado mkononi linaendelea kumwaga.

Nilijaribu mkono. Robo zunguko.

Tik.

Niliuzungusha tena. Tik, tik. Niliachia nguvu kidogo, nikiogopa, na mkono ukarudi kiasi cha jino moja ukagota, ukasimama. Ndimi zimeuma. Cheni ilikaza kwenye msumari, gogo likalia, na uzito wote wa mjomba ulining'inia pale kwenye ndimi mbili za chuma, si kifuani mwangu tena. Nilipumua mara moja, nikajuta kupumua, nikazungusha. Kila nilipochoka nilipumzika na yeye akanisubiri hewani. Kichwa chake kikatokea, kisha mabega, na mama, ambaye aliapa hawezi kusogea, alimshika kaptura kwa ile leso yake ya puani tukamburuta juu ya mawe.

Hakuwa anapumua vizuri. Nilimgeuza ubavu nikamwingiza vidole viwili mdomoni kutoa kilichokuwa mle. Kilikuwa kile kile tulichokuwa tunazoa tangu alfajiri. Nilikitoa kwa kidole, na kingine, na kingine. Mama alisema, kwa sauti ndogo ya ajabu, nimpeleke uwazini penye upepo.

Nilimwinua. Aliniegemea shingoni, mwili unateleza kwa mafuta nisiweze kumshika vizuri, uchafu mtupu, tukatoka kichochoroni kuelekea upande wa bahari. Wateja wa kwanza wa mahamri walikuwa wanakuja na vikapu. Walijibana ukutani wakaziba nyuso. Mmoja akasema astaghfirullah, hawa watu. Mdomo wa mjomba ulikuwa shavuni mwangu. Pumzi yake ilinipiga usoni, ya moto, ya shimo, mbaya kuliko harufu yoyote niliyowahi kuivuta, ikikatika katikati kana kwamba inafikiria. Kila ilipokatika nilimtikisa, nikamwambia, “Nipumulie, mjomba. Nipumulie tena.”

Akanipumulia.