Walisema Nimenona

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote, mwanangu. Ni siku shangazi yangu aliposukuma sahani ya kuku mbele ya wakwe zangu na kusema hatakula. Wewe umezaliwa wakati mgeni akikataa chakula watu husema labda ameshiba. Kwetu Butula nilikozaliwa, na huko Malaba nilikoolewa, kukataa kuku uliyechinjiwa kulikuwa ni kumtukana mwenye nyumba mbele ya watoto wake. Shangazi alilijua hilo vizuri. Alikataa makusudi, na ndiyo sababu niko hai nikizungumza nawe leo.

Nakuambia haya nikiwa na hasira, na usiniambie nitulie. Nimetulia miaka ya kutosha. Kila nikisikia mama aliyejifungua juzi akisifiwa kwamba amenona, damu inanichemka, naacha kazi ninayoifanya na kwenda kumtazama miguu. Wanasema mimi ni bibi mwenye kiherehere. Wacha waseme.

Ilikuwa miaka ya sabini, Uganda ikiwa mikononi mwa wanajeshi, na maduka ya upande ule yakiwa hayana chumvi wala sabuni. Mume wangu, Omuse, alikuwa taniboi, utingo wa lori za kwenda Kampala. Mama yake aliuza chumvi. Akina mama wa ng'ambo walivuka mto na mikungu ya matoke vichwani, wakarudi na chumvi wameifunga kwenye leso na kuificha kifuani. Siku nyingine mama mkwe alipeleka magunia yake hadi mpaka wa Busia, maana na huko waliililia vilevile. Mtu mwenye chumvi nyumbani alikuwa mtu wa heshima.

Sasa wewe fikiria jikoni mwa mwanamke huyo. Alitaka kila anayekula kwake ajue amekula kwa nani. Mchuzi wake uliuma ulimi. Mboga alizichemsha kwa magadi, kisha akaongeza chumvi juu. Mzazi aliyetoka kujifungua alipikiwa supu yake peke yake, na supu hiyo ndiyo iliyotiwa chumvi kuliko vyakula vyote, kwa sababu mzazi ndiye aliyependwa zaidi. Usicheke. Hakuna mtu aliyewahi kunipenda kwa mkono mzito kama ule.

Kabla yangu alikuwepo Amoit, mke wa kaka yake Omuse. Tuliishi boma moja, tukateka maji pamoja, na ndiye aliyenifundisha maneno ya Kiteso nisije nikaaibika mbele ya wazee. Alijifungua mtoto wa kiume mwaka mmoja kabla yangu. Mtoto akiwa bado mchanga, Amoit akaanza kuvimba miguu. Majirani wakasema mama mkwe anajua kulisha. Uso ulipovimba wakasema amependeza. Aliposema kifua kinambana akipanda kutoka mtoni, wakasema amezoea kukaa na kuhudumiwa, sasa kazi inamshinda. Mchana mmoja alikuwa anapepeta wimbi mlangoni, akalala ubavu juu ya ungo wake, na hakuamka tena.

Mazishini, mzee mmoja wa ukoo alisimama akasema, "Hakuna mtu atasema huyu mama alilala njaa kwetu. Ameenda akiwa mnono." Na watu wakaitikia kwamba ni kweli. Mwanangu, walisema hivyo karibu na jeneza lake, huku mtoto wake akilia kutafuta ziwa. Walikuwa wanajisifu.

Kisha zamu yangu ikafika. Nilizaa msichana, na kitovu chake kilipoanguka tu nikarudi mtoni na ndoo, maana pale nyumbani sasa nilibaki mimi. Mwezi haukupita miguu ikaanza kujaa. Nami nilifurahi, sikufichi kitu. Nilikuwa nimeolewa nikiwa mwembamba, wifi zangu wakinicheka kwamba upepo wa Malaba utanibeba. Sasa bangili ilinibana mkononi, na viatu vya Jumapili havikuingia. Omuse aliporudi kutoka foleni ya lori pale mpakani, alinitazama akacheka kwa furaha. "Umenona kweli kweli," akasema. "Dereva wangu ananiuliza nakulisha nini."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nalala nimekaa. Nikijilaza chali nilihisi kama mtu anazama majini, halafu kikohozi kinanishika. Ndoo niliyokuwa naibeba bila kusimama, sasa niliitua njiani kila baada ya hatua chache nikajifanya narekebisha kata. Niliona haya. Ningesema nini? Kwamba nakula vizuri na bado nachoka?

Lakini mahali pamoja nilisema, na hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Nilimpeleka mtoto kliniki. Tulipanga foleni tangu asubuhi, akina mama wengi tukiwa na watoto mgongoni. Mtoto wangu akawekwa kwenye mizani, akapimwa, akachomwa sindano, kadi ikaandikwa. Nikamwambia nesi, "Sista, hata mimi mwenyewe nashindwa kupumua."

"Mama, leo ni kliniki ya watoto. Wewe kuja Jumatano, kwa laini ya wagonjwa."

"Lakini niko hapa tayari."

"Mtoto yako ako na afya. Shukuru Mungu. Mwingine!"

Unasikia hayo? Kipimo cha presha kilikuwa mezani pale pale, nilikiona kwa macho yangu. Mimi niliyembeba yule mtoto tumboni, niliyemleta pale kwa miguu iliyovimba, nilipita mbele yao kama kikapu kilichomleta. Akina mama wote tuliokuwa kwenye ile foleni tulikuwa vikapu. Na Jumatano ilipofika, mama mkwe alikuwa Busia na chumvi yake, ng'ombe walitaka maji, na hakukuwa na mtu wa kumwachia nyumba. Sikwenda. Nani kati ya wale akina mama angeweza kwenda?

Basi ikafika siku ya watu wetu kuja kumwona mtoto. Mama yangu mzazi hakuruhusiwa kula nyumbani kwa mkwewe, ndiyo mila, kwa hiyo shangazi, dada ya baba, ndiye aliyeongoza msafara. Alikuwa ameolewa Khunyangu. Alikuja na wanawake wa kwetu wakiimba, na unga, na ndizi, na kuku wawili waliofungwa miguu. Wakakaribishwa, wakaketi, nikatolewa nje nimevaa gauni la kuazima kwa sababu yangu yote yalikuwa yamenikataa.

Mama mkwe alisimama nyuma yangu, mikono yake mabegani mwangu, akiwa na furaha. "Muangalie mtoto wenu," akawaambia. "Tumemuharibu?"

Wakacheka, wakapiga makofi. Mmoja akanifinya shavu. Hata watu wa damu yangu walipiga makofi, mwanangu. Chakula kikaletwa, na shangazi akawekewa sahani yake kwanza.

Shangazi hakuwa amepiga makofi. Aliinuka, akachuchumaa mbele yangu, akauchukua mguu wangu na kuuweka juu ya goti lake. Akabonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa muundi, akakishikilia hapo kidogo, akakitoa. Kikabaki kishimo, kama umebonyeza ugali wa moto. Hakikurudi. Wote tulikuwa tunakitazama, na hakikurudi.

"Huyu mtu si mnono," shangazi akasema. "Haya ni maji."

"Mama, sisi tunalisha," mama mkwe akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huyu anakula kuliko mimi."

"Sijasema hamlishi. Nimesema hii si nyama." Akanigeukia. "Unalala namna gani?"

"Nimekaa," nikasema.

"Nani anajua hiyo?"

Hakuna aliyejua.

Hapo ndipo aliporudi kwenye kiti chake na kuisukuma ile sahani mpaka ikagonga sufuria. "Ondoeni hii kuku. Mimi siwezi kula kuku kwa nyumba msichana wangu anakufa na mnampigia makofi." Kisha akaninyoshea kidole, mimi niliyekuwa mgonjwa. "Na wewe! Mdomo ulipewa wa kunywa supu peke yake? Ulikuwa unangoja nije nikuzike ndio uniambie?"

Nililia kwa aibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemzika binti yake huko Khunyangu, aliyevimba vivyo hivyo, na kwamba siku ya kumwona mtoto wa binti huyo, shangazi ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote.

Alinipakia kwenye baiskeli ya boda hadi barabara kubwa, akatembea kando amebeba mtoto. Barabarani akasimama mbele ya lori tupu lililokuwa likitoka Uganda, akanyosha mikono. Dereva akafunga breki huku akitukana.

"Mama, unataka kufa? Mimi nakimbia Nakuru."

"Hospitali kubwa iko kwa njia yako," shangazi akamwambia. "Huyu hapa ni mke wa taniboi kama huyo wako."

Dereva akanitazama nikihema pembeni ya barabara. Akamwambia taniboi wake ahamie nyuma, nasi tukapanda mbele.

Daktari alisema misuli ya moyo wangu ilikuwa imelegea baada ya uzazi, presha iko juu, na damu haisukumwi vizuri, ndiyo maana maji yanabaki mwilini na kwenye mapafu. Akanipa dawa za kunifanya nikojoe na dawa za moyo. Akanikataza chumvi, akanikataza magadi, akanikataza ndoo. Akaniambia nisishike mimba nyingine, kwa kuwa inaweza kuniua. Kisha akaniuliza kwa nini sikupimwa presha mapema, wakati nilikuwa nampeleka mtoto kliniki. Aliniuliza mimi! Shangazi alimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako.

Mama mkwe hakuja. Siku zikapita, na niliambiwa kwamba anasema ameaibishwa nyumbani kwake. Halafu alasiri moja nikamwona mlangoni mwa wodi, amebeba bakuli lililofungwa kwa kitambaa, na mtoto wa Amoit yuko kiunoni. Hakunisalimia. Alifungua bakuli akanipa kijiko.

"Nimeonja," akasema. "Haina kitu. Ni maji ya kuosha chungu. Kula."

Nikala. Ilikuwa supu isiyo na chumvi hata chembe, kutoka kwa mwanamke ambaye chumvi ndiyo iliyomjengea nyumba. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, bila kunitazama tena, "Na Amoit? Ilikuwa hii hii?"

Niliangalia mikono yake, iliyokuwa imepasuka kwa kupima chumvi miaka yote ile. Nikasema, "Ndiyo, mama. Nafikiri ilikuwa hii."

Akamfuta mtoto kamasi kwa pembe ya leso. "Nilikuwa nampenda," akasema. "Ndiyo nilikuwa namwekea mingi."

Mwanangu, huyo sina hasira naye. Alifanya alilolijua, na alipojua jingine alibadilika. Alinitekea maji mpaka nilipopata nguvu, yeye mama mkwe, na kijiji kikamcheka. Hasira yangu ni kwa waliokuwa na kipimo mezani wakaniambia nirudi Jumatano. Ni kwa wazee wanaomzika mtoto wa watu na kujisifia unene wake. Ni kwa wale waliomwambia Omuse aoe mwingine kwa sababu mimi nilibaki na mtoto mmoja, wakaniita gogo lisilochipua. Wengi wao nimewazika. Yule msichana wangu mmoja sasa ni bibi, na mtoto wa Amoit tulimlea mimi na mama mkwe, naye ananiita mama.

Sasa sikiliza, na umwambie na mume wako, maana hili si la wanawake peke yao. Ukiwa na mimba, na ukishajifungua, pimwa presha. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki, usitoke hapo kabla hawajakufunga kile kitambaa cha presha mkononi. Wakikuambia leo ni ya watoto, kaa kwenye benchi lao na mtoto wako mpaka waone haya. Chumvi ipunguze, na magadi yaache, hata kama mpishi ni mtu anayekupenda. Miguu ikijaa, pumzi ikikata, ukishindwa kulala chali, sema siku hiyo hiyo, sema kwa sauti, mwambie kila mtu mpaka mmoja akusikie. Usizae mfululizo ili kuwaridhisha watu ambao hawatakulelea. Na mwambie mumeo: mkeo akiwa mzazi, chukua ndoo. Mtoni hakuna atakayekuuma.

Haya, lete mguu wako hapa nikuone. Usiuvute. Mungu akupe umri wa kumwona mtoto huyu uliyempakata akikuchotea maji. Akupe watu wa kukutazama vizuri, wasiokupigia makofi tu. Na kila atakayekubonyeza mguu, leo na siku zote, nyama yako irudi juu.