Mkwaruzo Katika Baraka za Babu

Nakumbuka asubuhi moja pale Nyaishozi, mwanangu, miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga, nimeinama juu ya deki ya video ya mjomba wangu Byarugaba. Mjomba alikuwa na banda la video, na ndiye aliyepiga picha harusi zote za huku kwetu, hata zile ambazo hakualikwa. Siku hiyo alikwenda Kaisho kwenye harusi nyingine. Mimi, binti mwenye ulimi mkali na subira kidogo, akaniachia mkanda wa harusi ya Kemilembe niukamilishe: nitoe vipande vibovu, nitie kwaya panapofaa.

Gari lilikuwa nje tayari, likiusubiri mkanda huo. Kemilembe alikuwa anavuka mpaka pale Murongo kwenda kuishi kwa mumewe, Uganda. Babu yake, aliyembariki mbele ya wageni, tulikuwa tumeshamzika. Sauti yake ilibaki kwenye mkanda ule tu, na nakala hatukuwa nayo.

Basi nafika kwenye baraka, nasikia mkwaruzo. Kwaru, kwaru, kisha maneno, kisha kwaru tena. Nikasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Nikabadilisha waya. Nikaburuta jenereta hadi migombani, nikidhani ndiyo inayoleta kelele. Mwisho nikaweka mkanda mwingine, ukatoa sauti safi kabisa. Hapo nikakata shauri kwamba mkanda wa harusi umeharibika. Dereva akapiga honi. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana, maana aibu ingemwangukia mjomba. Nikaona dawa ni kufunika kipande chote kwa kwaya. Na deki zile, ukishaweka sauti mpya juu, ya zamani imekwenda, hairudi.

Kidole kiko kwenye kitufe, akaingia Bibi Kokushubira, mjane wa yule babu, kuja kuuchukua mkanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona mnamchelewesha mjukuu wangu?"

"Sauti ya babu imeharibika. Naifunika kwa kwaya, itapendeza."

"Toa mkono hapo," akasema taratibu. "Nisikie kwanza."

Nikarudisha nyuma. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Mkwaruzo ulipokuja akacheka kidogo, halafu macho yakamjaa machozi.

"Hakuna kilichoharibika. Huyo anatafuna kahawa. Mlimbandika kidude chenu cha kunasa sauti kwenye kola, na yeye hajawahi kubariki mtu mdomo mtupu."

Kumbe ni ile kahawa yetu ya punje, ya kuchemsha na kukausha, anayokaribishwa nayo kila mgeni. Nimezaliwa katika nyumba inayoitafuna kutwa, na bado sikuitambua, kwa kuwa masikio yangu yote nilikuwa nimeyapa mashine.

"Umehangaika na waya, umehangaika na jenereta," akaniambia. "Mimi niliyeishi naye hukuniuliza, na kwangu ni hapo nyuma ya banda."

Akaniomba nirudishe tena. Nikamtafutia pale babu anapomtaja Kemilembe, akatikisa kichwa.

"Siyo maneno. Hapo anapotafuna."

Dereva alipiga honi hadi akachoka. Bibi hakusimama, na mimi nililia naye bila kuona haya, kisha mkanda ukaondoka na Kemilembe kama ulivyokuwa, na kutafuna kwa babu ndani yake.

Sasa wewe, mwanangu, unakata video kwenye kompyuta, na juzi nimekusikia ukigombana na kelele za spika. Weka nakala kabla hujagusa kitu. Kagua waya, kagua mashine, ndiyo kazi yako hiyo. Lakini sikiliza pia kelele inakuja wakati mtu anafanya nini, na kama humjui mtu huyo, nenda kamuulize anayemjua. Usikubali haraka ya mwingine ikufutishe kisichorudi. Mungu akupe masikio yenye subira, na akujalie mtu wa kukutambua hata kabla hujatamka neno.