Viazi vya Mafunzo

Kila kipupwe bwana shamba huja Uyole kutufundisha kilimo, mikono ndani ya glavu za sufu. Hagusi udongo, huunyooshea fimbo, kisha huifuta fimbo kwa leso. Huongea kama anayesoma tangazo. "Mbegu hailiwi!" husema, nasi humwitikia kama watoto wa shule. Juzi Sekela, mjane ambaye viazi vyake vyote vya bondeni vimeunguzwa na baridi, alimwomba vile vya mfano vilivyokuwa mezani, apate cha kupanda. "Mama, hivyo ni mali ya serikali." Mkutano ulipokwisha, alimwagiza mpishi wake avichemshe. Jirani yangu Saulo akaninong'oneza, "Serikali imeshikwa na njaa." Bwana shamba alimenya cha kwanza, akakionja, akamgeukia Sekela. "Mama, kwako hakukosi chumvi?"